Ugonjwa wa Zamani na Safari ya Kuingia Jeshini

Mwaka huu mhariri ameniachia ukurasa wa somo, nami nimechagua jambo linalotukeresha wengi lakini tunalizungumza gizani, taa zikishazimwa.

Kila mara tangazo la kuandikisha makurutu wa jeshi linapotoka, mabweni yetu hugeuka baraza la wataalamu. Mmoja husema ati mwenye kovu hata la mbwa hachukuliwi. Mwingine huapa kwamba ukiwahi kumeza dawa za kifua kikuu, jina lako limekwisha kufutwa hata kabla hujaenda uwanjani. Wa tatu huja na la binamu ya jirani yake, aliyekataliwa kwa sababu ya jino moja. Wakati huo, wale waliowahi kuugua hukaa kimya. Baadhi yao huacha kabisa kuota ndoto ya jeshi, na baadhi huanza kupanga jinsi ya kuficha. Mimi nina haki ya kulisema jambo hili, maana nilikuwa na pumu utotoni na mara ya mwisho kubanwa nilikuwa darasa la tano. Mwaka ujao nataka kuwa kwenye foleni ile.

Basi nimesoma nilichoweza kusoma, na nimeketi na afisa wa kliniki wa zahanati iliyo karibu nasi mpaka akachoka na maswali yangu. Nililolipata ni hili: swali kubwa si kama uliwahi kuugua. Swali ni ugonjwa ule umeacha nini mwilini mwako, na kazi ya askari itakiamsha au haitakiamsha. Ukilielewa hili, utajua kwa nini hufai kujikataa mwenyewe, na kwa nini hufai kuficha.

Tangazo linasema nini?

Tuanze nyumbani. Tangazo la Jeshi la Ulinzi la Kenya, yaani KDF, huwa na masharti ambayo wengi wetu tunayajua kwa moyo. Uwe Mkenya mwenye kitambulisho. Kwa makurutu wa kawaida, umri uwe kati ya miaka 18 na 26. Kimo kisipungue mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3. Uzani usipungue kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Usiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Kisha kuna sharti moja fupi ambalo macho yetu hulipita haraka: uwe timamu kimwili na kiafya kwa mujibu wa viwango vya jeshi.

Sharti hilo fupi ndilo lenye uzito wote. Uwanjani utakaguliwa vyeti, utapimwa kimo na uzani, utakimbia, kisha utavua shati na kusimama mbele ya wahudumu wa afya. Watatazama meno, macho, masikio, kifua, mikono, miguu na nyayo. Watauliza kuhusu kila kovu. Orodha ya magonjwa haichapishwi ndani ya tangazo, na pengo hilo ndilo linalojazwa na uvumi wa bwenini.

Kwa nini jeshi lijali uliyougua zamani?

Swali hili lina jibu la historia, na jibu lenyewe liko Nairobi. Mtaa wa Kariokor, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918. Vifo vya wapagazi hao vilivyoandikwa vilizidi 40,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu walichukuliwa kwa nguvu vijijini, wakatembezwa mbali na kwao, wakala chakula wasichokizoea na kulala wakiwa wamesongamana.

Funzo ni kwamba jeshi ni mahali ambapo ugonjwa mdogo hupata nafasi ya kuwa mkubwa. Kurutu huamka alfajiri, hukimbia na mzigo mgongoni, hunyeshewa, hulala bweni moja na wenzake wengi, na huenda akapelekwa mahali ambapo hospitali iko mbali. Kifaa unachokitumia nyumbani kila juma huenda kisipatikane huko. Na ukianguka, anayekubeba ni mwenzako, ambaye naye ana mzigo wake.

Yule afisa wa kliniki alinieleza kwamba daktari yeyote anayempima mtu kwa kazi ngumu hujiuliza maswali matatu. La kwanza: ugonjwa umekwisha? La pili: waweza kurudi? La tatu: umeacha alama gani ndani? Hebu tuyajaribu kwa malaria. Nani kati yetu wa kandokando ya Ziwa au wa Pwani hajawahi kuugua malaria? Mtu aliyetibiwa akapona, hana alama iliyobaki, na akiumwa tena hutibiwa tena. Vivyo hivyo surua na tetekuwanga. Hayo si ya kukukosesha usingizi.

Kuna hata wakati ambapo ugonjwa wa zamani ulikuwa sifa njema. George Washington, aliyekuwa jenerali wa Marekani kabla ya kuwa rais, aliugua ndui mwaka 1751 alipokuwa kisiwani Barbados, akapona. Aliyepona ndui hakuipata tena. Mwaka 1777, alipoona ndui inawamaliza askari wake, aliamuru wachanjwe. Siku hizo uso wenye makovu ya ndui ulikuwa cheti cha afya! Kwa hiyo kovu peke yake halisemi kitu mpaka liulizwe maswali yale matatu.

Sasa tuyaangalie maradhi yanayotusumbua sisi. Kwa kulinganisha, nitataja mwongozo wa afya uliotolewa na jeshi la Marekani mwaka 2018, kwa sababu wao walichapisha masharti yao ugonjwa kwa ugonjwa. Nasisitiza kwamba hayo ni yao, si yetu. Nayataja ili tuone jinsi madaktari wanavyofikiri.

Pumu

Pumu hubana njia za hewa. Vumbi, baridi na mbio ndefu huweza kuiamsha, na vitu hivyo vitatu ndivyo chakula cha kila siku cha kurutu. Lakini pumu ya utotoni mara nyingi hupungua au hutoweka mtoto anapokua. Ndiyo maana mwongozo ule wa Marekani uliweka mpaka kwenye umri: aliyekuwa na pumu baada ya kutimiza miaka 13 alihesabiwa kuwa na kizuizi, ingawa aliweza kuomba msamaha maalumu na faili lake likachunguzwa. Aliyeimaliza kabla ya hapo hakuwekwa kundi hilo. Angalia basi: neno lile lile "pumu", lakini watu wawili tofauti.

Degedege na kifafa

Hapa tuwe waangalifu wa maneno, maana sisi ni watu wa Kiswahili. Degedege ni mtukutiko unaompata mtoto mdogo kwa sababu ya homa kali. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaoleta mitukutiko tena na tena, hata bila homa. Mama akikwambia, "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaanguka," muulize vizuri: nilikuwa na miaka mingapi? Nilikuwa na homa? Niliwahi kumeza dawa ya kifafa? Mwongozo wa Marekani ulitenganisha haya mawili kwa umri wa miaka 6. Kwa mitukutiko iliyotokea baada ya umri huo, mtu alitakiwa awe amekaa miaka 5 bila mtukutiko na bila dawa, na kipimo cha umeme wa ubongo kiwe cha kawaida. Sababu yake haihitaji mwalimu kuieleza: mtu anayeweza kupoteza fahamu ghafla akiwa ameshika bunduki au usukani anahatarisha roho yake na za wenzake.

Kifua kikuu

Kwa huu ndio uvumi umezidi kipimo. Kifua kikuu hupona. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili, na katika hospitali za serikali dawa hizo ni bure. Anayezimeza zote hupona na haambukizi mtu. Anayeziacha katikati, ati kwa sababu amejisikia nafuu au anaona haya kuonekana kliniki, hujitafutia kifua kikuu sugu ambacho dawa za kawaida hazikiwezi.

Hata hivyo, kifua kikuu kinaweza kuacha kovu kwenye mapafu, na kovu hilo huonekana kwenye picha ya eksirei hata baada ya miaka mingi. Mwongozo wa Marekani ulikuwa na mambo mawili hapa: mtu asiwe ameugua katika miaka 2 iliyopita, na awe na uthibitisho wa kuaminika kwamba alimaliza matibabu. Liweke moyoni hilo la pili. Asiye na karatasi alihesabiwa na wasiomaliza.

Masikio, koo na moyo

Wengi wetu tulitokwa na usaha masikioni utotoni. Mara nyingi huisha. Lakini kama kiwambo cha sikio kilitoboka na hakikuziba, maji yakiingia usaha hurudi, na kusikia hupungua. Askari asiyesikia amri si askari, na mlio wa bunduki humzidishia madhara.

Kuna na jingine ambalo hatulijui, nalo ni hatari zaidi. Mtoto huumwa koo, haendi hospitali, kisha baada ya wiki chache huvimba na kuumwa viungo, leo goti, kesho kiwiko. Nyumbani huambiwa ni baridi. Hiyo inaweza kuwa homa inayoshambulia milango ya moyo, na hupata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo hupona, lakini moyo unaweza kubaki na kasoro ya kimyakimya. Mtu huyo anaweza kucheza mpira kidogo na asijue lolote, mpaka siku atakapokimbizwa kilomita nyingi na mzigo. Kama uliwahi kuumwa hivyo, mwambie daktari asikilize moyo wako sasa, kabla ya uwanja. Hata kama hutaki jeshi, nenda.

Makovu na mifupa

Kovu ni swali tu. Mhudumu akiuliza, "Hili ni la nini?" anataka kujua kama lilikuwa jeraha la jembe, au upasuaji. Kama ni upasuaji wa ngiri, atataka kujua kama pameshikana vizuri, maana mzigo mzito unaweza kupafungua. Kama mfupa ulivunjika, atataka kuona kama kiungo kinakunjika na kunyooka sawasawa. Kovu la mbwa, msomaji wangu, hubaki kuwa kovu la mbwa.

Selimundu: hadithi ya sheria iliyobadilika

Nimeuweka ugonjwa huu mwisho kwa makusudi, kwa sababu unatuhusu sana na una mafunzo mengi. Neno selimundu limeundwa na seli na mundu, yaani chembe ya damu iliyojipinda kama mundu wa kukatia nyasi. Mtu akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, huwa mgonjwa. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, huwa mbebaji. Mbebaji si mgonjwa. Wengi wa wabebaji huishi maisha yao yote bila hata kujua.

Mwaka 1949, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka akipima damu za watu wetu. Aligundua kwamba wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: kuwa mbebaji humkinga mtu dhidi ya makali ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kule kwenye mbu.

Sasa tuvuke bahari kidogo, tuone jeshi lilifanya nini na jambo hili. Kati ya 1968 na 1969, makurutu wanne Weusi wa Marekani walikufa wakati wa mazoezi huko Fort Bliss, Texas. Wote walikuwa wabebaji. Hofu ikaenea. Chuo cha maafisa wa jeshi la anga la Marekani, kilicho milimani Colorado, kikawa hakiwachukui vijana wabebaji. Kwa kuwa Wamarekani wenye jeni hii wengi ni Weusi wenye asili ya Afrika, mlango uliofungwa ulifungwa hasa mbele ya nyuso zao. Vijana wazima, wenye mbio na akili, walirudishwa kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwahi kuwaumiza. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1981, baada ya malalamiko kufika mahakamani.

Je, hofu ile ilikuwa ya bure? La hasha. Mwaka 1987 utafiti wa makurutu wa Marekani ulionyesha kwamba kifo cha ghafla wakati wa mazoezi kiliwapata wabebaji Weusi mara 28 hivi kuliko Weusi wenzao wasio wabebaji. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache, lakini tofauti ilikuwa kubwa. Basi wakuu wa jeshi walikuwa na njia mbili: kufunga mlango, au kubadilisha mazoezi. Walijifunza kubadilisha mazoezi. Makurutu wakapewa maji ya kutosha, wakapumzishwa jua likiwa kali, wakaongezewa mbio hatua kwa hatua, na aliyelalamika hakuchekwa. Mwaka 2016 ulitolewa utafiti mwingine, wa askari Weusi karibu 48,000 waliofuatiliwa kati ya 2011 na 2014. Safari hii wabebaji hawakuonekana kufa zaidi ya wenzao. Walibaki na hatari ya misuli kuharibika kwa mazoezi makali, asilimia 54 juu ya wenzao, lakini kaburi lilikuwa limeepukwa.

Nadhani unaona ninakoelekea. Mwili wa mbebaji wa 1968 na wa 2014 ni ule ule. Kilichobadilika ni maarifa na maji ya kunywa. Sheria za afya za jeshi si msahafu. Huandikwa na watu, na watu hujifunza. Lakini pia angalia upande wa pili: mbebaji anayejijua hunywa maji na husema mapema misuli inapokaza. Asiyejijua, au anayeficha, hujikaza kiume. Makurutu wa KDF hufunzwa Eldoret, mji ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Kilifi au wa Homa Bay anayefika huko kwa mara ya kwanza ana sababu njema ya kujua damu yake ikoje.

Haki iko wapi?

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na hali ya afya imetajwa humo kwa jina. Hiyo haimaanishi kwamba kila mtu lazima achukuliwe. Kumpima mtu kwa kazi aiombayo si ubaguzi. Ubaguzi ni kumkataa mtu kwa sababu ya jina la ugonjwa bila kuutazama mwili wake.

Mahakama Kuu ya Pretoria, Afrika Kusini, ililiamua jambo hili mwaka 2008. Jeshi la huko lilikuwa likiwakataa wote wenye virusi vya UKIMWI, awe amedhoofika au awe na nguvu za kukimbia. Mahakama ikasema sera ya kuwafungia wote kwa pamoja inavunja katiba ya nchi hiyo; kila mtu apimwe kwa hali yake. Ni maswali yale yale matatu, yakiulizwa na hakimu badala ya daktari.

Mficha maradhi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Binamu yangu mmoja alitibiwa kifua kikuu akiwa kidato cha pili. Alimeza dawa zake miezi 6 bila kuruka siku hata moja, na mama yake alikuwa akimsimamia kama askari jela. Alipomaliza shule, jamaa mmoja wa pale sokoni, anayejiita mjuaji wa mambo ya jeshi, akamwambia, "Wee, ichome hiyo kadi ya kliniki. Wakiiona umekwisha." Akaichoma. Siku ya uwanjani alikimbia vizuri. Mhudumu akamsikiliza kifua, akamuuliza kama amewahi kuugua kifua. Akajibu hapana. Akaulizwa mara ya pili, akajibu hapana. Hakuitwa mwaka ule. Wengi hawakuitwa, na hakuna aliyepewa sababu.

Kilichomuuma baadaye si kukosa barua. Ni kutambua kwamba kadi ile aliyoichoma ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Ilikuwa haisemi tu kwamba aliugua. Ilisema kwamba alipona. Picha ya eksirei ingeonyesha kovu, lakini haingeonyesha dawa alizomeza. Kwa bahati nzuri, kliniki huweka daftari la wagonjwa wa kifua kikuu. Alirudi, jina lake likapatikana, akaandikiwa barua, akapigwa picha mpya ya kifua. Sasa ana miaka 22 na anangoja tangazo. Kama atachukuliwa au la, safari hii atajibu kweli, na ana karatasi ya kuitetea kweli hiyo.

Isitoshe, wapo matapeli wanaouza barua za afya na hata barua za kuitwa mafunzoni. Jeshi hutangaza kwamba kuandikishwa ni bure. Anayekuuzia barua anakuuzia kesi.

Tufanye nini basi?

Kwa ufupi, haya ndiyo ninayowashauri wenzangu, hasa wa kidato cha nne:

1. Waulize wazazi sasa. Uliugua nini, ukiwa na miaka mingapi, ulitibiwa wapi, uliisha lini? Yaandike.

2. Tafuta karatasi. Kadi ya kliniki, barua ya kutoka hospitali, picha za zamani. Zihifadhi pamoja na vyeti vya shule.

3. Pimwa kabla ya kupimwa. Miezi kadhaa kabla ya tangazo, nenda hospitali ukapimwe macho, masikio, moyo, kifua na meno. Jino bovu hutibiwa. Ngiri hufanyiwa upasuaji. Mambo haya yanataka muda.

4. Kama unameza dawa, endelea. Usiache dawa ya pumu, ya kifafa wala ya kifua kikuu ili uonekane mzima siku moja. Jeshi litakuwepo mwaka ujao; pafu likiharibika halirudi.

5. Anza mazoezi polepole. Mbio za wiki ya mwisho hazidanganyi mtu.

6. Ukiulizwa, jibu lililo kweli, kwa ufupi: niliugua hiki, mwaka fulani, nikatibiwa, karatasi ni hii.

Na ukikataliwa? Umekataliwa kwa kazi moja, si kwa uhai wako. Usirudi nyumbani ukajifungia. Uliza kama ni jambo linalotibika, na kama umri bado unaruhusu, rudi tena. Kama halitibiki, basi umegundua mapema kitu kuhusu mwili wako ambacho kingekungoja njiani. Yule anayeshona majeraha ya askari, anayerekebisha magari yao, na anayewafundisha watoto wao kusoma, wote wanaijenga nchi hii.

Mimi nitakwenda na kisa changu cha pumu. Nimekwisha kumwomba mama anitafutie kitabu changu cha kliniki, amekipata, panya wamekula kona moja tu.

Msamiati

Kurutu: mtu anayeandikishwa jeshini na kupewa mafunzo ya mwanzo.
Timamu: kamili, pasipo upungufu.
Degedege: mtukutiko wa mtoto unaoletwa na homa kali.
Ngiri: sehemu ya utumbo kusukumwa nje kupitia ukuta dhaifu wa tumbo.
Kiwambo cha sikio: utando mwembamba ndani ya sikio unaopokea sauti.
Mbebaji: mwenye jeni ya ugonjwa bila kuwa mgonjwa.
Sugu: isiyosikia dawa.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya degedege na kifafa, na kwa nini umri ni muhimu katika kuvitenganisha.
2. "Kadi ya kliniki si mashtaka, ni ushahidi." Jadili kauli hii ukirejelea kisa cha binamu.
3. Jeshi lina haki ya kuchagua na kijana ana haki ya kutobaguliwa. Mpaka wa haki hizi mbili uko wapi? Tumia mfano wa selimundu.
4. Tunga mazungumzo kati ya kurutu na daktari uwanjani, ambapo kurutu anaeleza kweli yote kuhusu ugonjwa wake wa zamani. Mazungumzo yatakayopendeza yatasomwa katika mkutano wetu wa Ijumaa.